Kiongozi, Mungu Wake na Meza ya Mazungumzo

Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Aliyeamua ni mtu yule yule ambaye miaka minne kabla yake, mjini Cairo, alipeleka mbele ya wakuu wenzake wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Mwalimu Nyerere alikuwa anaikiuka kanuni aliyoipigania mwenyewe. Nigeria ilikata uhusiano wa kibalozi na Dar es Salaam, na watu wakaanza kutafuta sababu iliyojificha nyuma ya sababu zilizotajwa.

Iliyopatikana haraka ni dini. Waigbo wengi wa Biafra walikuwa Wakatoliki. Nyerere naye alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi, aliyebatizwa mwaka 1943 akiwa kijana mkubwa, akafundisha Tabora na Pugu katika shule za wamisionari. Mwezi uliofuata Gabon, Côte d'Ivoire na Zambia nazo zikaitambua Biafra. Zambia ilikuwa ya Kaunda, mtoto wa mchungaji. Côte d'Ivoire ilikuwa ya Houphouët-Boigny, ambaye baadaye angejenga basilika kubwa ya kupindukia kijijini kwake Yamoussoukro. Na usiku kwa usiku, ndege zilizokodiwa na mashirika ya makanisa zilikuwa zikitoka São Tomé na chakula kwenda kutua gizani kwenye kiwanja cha Uli. Aliyetaka kuona vita vya msalaba alikuwa na vipande vyote mkononi.

Hesabu hiyo lakini haikubali kufunga. Kiongozi wa Nigeria aliyekuwa akipigana na Biafra, Yakubu Gowon, alikuwa Mkristo, mtoto wa mwinjilisti wa Kianglikana. Vatican, pamoja na misaada yote ya Kikatoliki iliyopita Uli, haikuitambua Biafra hata siku moja. Nyerere mwenyewe, huyo aliyedaiwa kuwabeba waumini wenzake, mwaka 1973 alikata uhusiano na Israeli na kuwapa Wapalestina wa PLO ofisi Dar es Salaam. Mwaka 1979 majeshi yake yalimng'oa Idi Amin, na Libya ya Gaddafi ilipopeleka askari kumsaidia Amin, wapo waliosema tena kwamba Mkatoliki anampiga Mwislamu. Walisahau kwamba sehemu kubwa ya askari wa Tanzania waliovuka Kagera walikuwa Waislamu, na kwamba aliyeanza kuvuka mpaka ni Amin.

Je, tuseme basi imani ya Nyerere haikuwa na kazi yoyote katika jambo hili? Hapana. Tukisoma hoja aliyoitoa kwa dunia mwezi ule wa Aprili, tunamwona akisema kwamba dola huundwa kwa ajili ya watu, na kwamba watu waliochinjwa kwa maelfu mwaka 1966 wakakimbilia kwao hawawezi kulazimishwa kumwamini tena aliyeshindwa kuwalinda. Akawafananisha na Wayahudi wa Ulaya. Anayeijua Injili atasikia humo mwangwi wa yale Yesu aliyowajibu Mafarisayo, kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu. Mpaka ulikuwa Sabato ya Afrika. Mwalimu alikuwa anasema kuna saa ya kuivunja. Hoja yenyewe unaweza kuijenga bila Mungu, na wapo wengi walioijenga hivyo. Nionavyo mimi, imani ilimpa uwezo wa kusimama karibu peke yake mbele ya marais wenzake, akilaumiwa na marafiki zake wa karibu, bila kutetereka. Biafra ilishindwa Januari 1970.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kosa tunalolirudia kila mara tunapozungumzia dini na siasa za mataifa. Tunauliza: imani ya kiongozi ilimpeleka upande gani? Swali hilo mara nyingi halina jibu, kwa kuwa imani moja huwapeleka watu pande zinazopingana. Lenye manufaa zaidi ni kuuliza imani humfanyia nini mtu aliyekwisha kuona pa kwenda. Jibu langu ni kwamba humwondolea hofu ya upweke. Wizara za mambo ya nje, pamoja na makabrasha yake na mabalozi wake wenye busara, zimeundwa ili kiongozi asiamue peke yake. Mcha Mungu wa kweli anaamini hayuko peke yake hata washauri wote wakitoka chumbani.

Mtazame Anwar Sadat wa Misri. Alijiita rais muumini, na alama ya sijida ilionekana wazi kwenye paji la uso wake. Novemba 1977 alitangaza kwamba yuko tayari kwenda Jerusalem kwa adui. Waziri wake wa mambo ya nje, Ismail Fahmi, alijiuzulu. Sadat alikwenda, na tarehe 20 Novemba, siku ya Idi Kubwa, akaswali katika Msikiti wa Al-Aqsa, mji ukiwa mikononi mwa Israeli. Hakuna wizara ambayo ingempangia safari ile. Diplomasia ya kawaida ingetaka kwanza wataalamu wakutane kwa siri miezi minane, wabishane kuhusu umbo la meza.

Mwaka uliofuata Rais Jimmy Carter, Mbaptisti na mwalimu wa darasa la Biblia la Jumapili, aliwaita Sadat na Menachem Begin, Waziri Mkuu wa Israeli, Camp David. Walikaa siku 13, kuanzia tarehe 5 hadi 17 Septemba 1978. Simulizi ya Camp David imependwa sana na watu wa dini, na ina mambo yake matamu: Rosalynn Carter alipendekeza viongozi watatu waiombe dunia iwaombee, na ombi hilo likatolewa kwa pamoja; Ijumaa, Sabato na Jumapili ziliheshimiwa kila moja na wenyewe. Wahubiri hupenda kuishia hapo. Hawasemi kwamba baada ya siku tatu Sadat na Begin walikuwa hawawezi tena kujadiliana uso kwa uso, na Carter akawa mjumbe anayetembea na karatasi kutoka kibanda kimoja hadi kingine, akiandika rasimu moja baada ya nyingine hadi zikapita ishirini.

Humo ndani, imani ilifanya kazi yake pasipotarajiwa, na kisa cha Begin kinastahili kutazamwa kwa utulivu. Rasi ya Sinai ni kubwa kuliko Israeli yenyewe. Ilikuwa na visima vya mafuta, viwanja vya ndege vya kijeshi na makazi ya walowezi. Begin mwenyewe aliwahi kuahidi kwenda kuishi huko atakapostaafu. Aliitoa yote. Ukingo wa Magharibi, kipande kidogo ukilinganisha, hakuutoa hata kidogo, na hakukubali hata kuuita kwa jina hilo. Kwake ilikuwa Yudea na Samaria, ardhi ya mababu, na aliona hana mamlaka ya kuitia kwenye mizani. Ukipima kwa usalama peke yake, au kwa mafuta, hesabu ya Begin haieleweki. Ukiipima kwa imani yake inaeleweka mara moja: Sinai haikuwa ndani ya ahadi, Yudea ilikuwa ndani. Hivyo ucha Mungu ule ule ndio uliowezesha amani na Misri, na ndio uliowaacha Wapalestina nje ya mlango. Majadiliano yote yaliyofuata kuhusu Ukingo wa Magharibi yamegonga ukuta huo huo.

Siku ya mwisho Begin alikuwa anafunga mizigo kwa hasira. Carter alimpelekea picha za viongozi watatu, kila moja imeandikwa jina la mjukuu wa Begin mmojammoja. Begin akayasoma majina yale kwa sauti, machozi yakamlengalenga, na mazungumzo yakafufuka. Ni kisa cha kweli na kinagusa. Lakini tuwe wakweli zaidi: mkataba uliotiwa saini tarehe 26 Machi 1979 haujadumu kwa ajili ya zile picha. Umedumu kwa sababu Sinai iliwekewa mipaka ya majeshi, na tangu mwaka 1982 kuna kikosi cha kimataifa kinachoitazama. Umedumu pia kwa sababu Marekani imekuwa ikiipa Misri msaada wa kijeshi wa dola bilioni 1.3 kwa mwaka kwa miongo mingi. Sadat hakuuona ukikomaa. Tarehe 6 Oktoba 1981 aliuawa na askari walioamini kwamba wao ndio waumini na yeye ndiye aliyeasi.

Ujasiri wa namna ya Sadat una upande wa pili. George W. Bush alikuwa mlokole kwa maana tunayoijua sisi: mtu aliyeacha pombe na kuokoka akiwa mtu mzima, anayefungua siku kwa Biblia. Tony Blair wa Uingereza alikuwa Mwanglikana mwenye imani nzito, na msemaji wake aliwahi kuwakatiza waandishi kwa kuwaambia kwamba ofisi yao haishughuliki na Mungu. Mwaka 2003 hawa wawili waliamua kuingia Iraq. Papa Yohane Paulo II alipinga. Alimpokea Blair Februari, na tarehe 5 Machi, Jumatano ya Majivu, mjumbe wake Kardinali Pio Laghi alikuwa Ikulu ya Marekani akimsihi Bush asipigane. Watu wote hawa walikuwa Wakristo, wote walikuwa wameomba. Mabomu yalianza kuanguka wiki mbili baadaye. Blair aliingia Kanisa Katoliki Desemba 2007, akiwa ameshaondoka madarakani.

Sitaki kusema imani ndiyo iliyoleta vita vya Iraq. Mafuta, hofu ya baada ya Septemba 11 na ripoti mbovu za kijasusi zilitosha. Ninachosema ni kwamba viongozi wawili waliokuwa na amani mioyoni mwao hawakuwa na sababu ya kusikiliza mamilioni ya watu mabarabarani. Utulivu ule uliompeleka Sadat Jerusalem ndio uliowapeleka hawa Baghdad.

Huku kwetu tuna desturi ya kukwepa mjadala huu kwa kusema serikali haina dini, watu wake ndio wenye dini. Ni kanuni nzuri, nami naiunga mkono, lakini ilipata mtihani. Mwishoni mwa mwaka 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka joto la mabaraza ya kahawa na la Bunge Dodoma: wengine waliona ni haki ya Wazanzibari na fursa ya misaada, wengine waliona Muungano unaingizwa msikitini kwa mlango wa nyuma. Zanzibar ilijitoa Agosti 1993, na mvutano huo ukazaa hoja ya wabunge waliotaka Serikali ya Tanganyika. Kilichosahaulika katika kelele zile ni majirani. Uganda ilikuwa mwanachama wa OIC tangu mwaka 1974, iliingizwa na Amin, na Museveni hakuitoa. Msumbiji ilijiunga mwaka 1994 chini ya Chissano. Nchi hizo mbili zina Wakristo wengi kuliko Waislamu, marais wao wakati ule hawakuwa Waislamu, na hakuna aliyezimia. Kwao ilikuwa ni uanachama, kama wa jumuiya nyingine yoyote yenye benki.

Msumbiji hiyo hiyo inastahili neno moja zaidi. Vita vya Frelimo na Renamo viliishia Roma tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya mazungumzo ya zaidi ya miaka miwili katika nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio, kundi la Wakatoliki walei. Serikali ya Frelimo, iliyowahi kutaifisha mali za Kanisa, ilikubali kupatanishwa na watu wa Kanisa. Ilikubali kwa sababu kubwa moja: wapatanishi hao hawakuwa na jeshi, hawakuwa na mkopo wa kutoa wala wa kudai, na walikuwa na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, aliyetoka sehemu za kwao Dhlakama, kiongozi wa Renamo, na aliyekuwa amemfuata porini. Dini hapo ilileta kitu ambacho balozi hana: kutokuwa na nchi ya kuitetea.

Lakini kama unataka kuiona habari yote mahali pamoja, nenda Sudan. Mwaka 1972 vita vya kwanza vya kusini vilimalizwa Addis Ababa, na wasuluhishi walikuwa Baraza la Makanisa Duniani na Baraza la Makanisa ya Afrika Nzima lenye makao Nairobi. Serikali ya Khartoum, ya Waislamu, iliwakubali watu wa makanisa kuwa wapatanishi, na amani ikakaa miaka 11. Aliyeiidhinisha upande wa serikali alikuwa Rais Jaafar Nimeiry. Aliyeivunja alikuwa Jaafar Nimeiry. Kati ya kuidhinisha na kuvunja, mtu huyu aliyeingia Ikulu akiwa mwanajeshi wa mrengo wa kushoto alibadilika, akaandika kitabu cha kueleza kwa nini njia ni Uislamu, na Septemba 1983 akatangaza sharia kwa nchi nzima. Pombe ikamwagwa Mto Nile mbele ya kamera. Je, aliongoka kweli, au alikuwa anawatafuta wafuasi wa Hassan al-Turabi, kiongozi wa harakati za Kiislamu, baada ya kuwapoteza wakomunisti? Nadhani yote mawili, na sidhani hata yeye angeweza kuyatenganisha. Januari 1985 alimnyonga Mahmoud Mohamed Taha, mzee wa miaka sabini na ushee, mwanazuoni wa Kiislamu aliyepinga sheria zile kwa hoja za Kiislamu. Miezi mitatu baadaye Nimeiry alipinduliwa, lakini vita vilivyowashwa mwaka 1983 viliendelea miaka 22 na kuua watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili.

Waliovimaliza walikutana Kenya. Msuluhishi mkuu wa IGAD, jumuiya ya nchi za eneo hili, alikuwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, mwanajeshi na Mkristo asiyeficha imani yake. Mjumbe wa Marekani, John Danforth, alikuwa mwanasiasa na pia kasisi wa Kanisa la Kiepiskopali; nyuma yake walikuwapo Wakristo wa kiinjili wa Marekani waliokuwa wakimshinikiza Bush, yule yule wa Iraq, asiwaache ndugu zao wa Sudan Kusini. Upande wa Khartoum aliongoza baadaye Ali Osman Taha, mwanafunzi wa Turabi. Chumba kizima kilikuwa na watu wanaosali. Na suala la kwanza la kukata lilikuwa sharia.

Walilikata vipi? Tarehe 20 Julai 2002, Machakos, walikubaliana kwamba sharia ibaki kaskazini, kusini isiguswe nayo, na baada ya miaka sita watu wa kusini wapige kura kama wanataka kubaki. Hakuna aliyeombwa kuipunguza imani yake. Yaani walifanya kinyume cha Camp David: badala ya kuacha lile lisilotoleka nje ya mkataba, walilianza nalo, wakalichorea mpaka, kisha wakaenda Naivasha kubishana miaka miwili na zaidi kuhusu mafuta, majeshi na eneo la mpakani la Abyei. Mimi naiona Machakos kuwa kazi bora kuliko zote nilizozitaja, na inasikitisha kwamba Wakenya wenyewe huikumbuka kama jina la mji tu. Mkataba kamili ulitiwa saini Uwanja wa Nyayo, Nairobi, tarehe 9 Januari 2005. Kura ya Januari 2011 ilitoa asilimia 98.83 za kujitenga.

Kisha, Desemba 2013, Sudan Kusini ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe, Wakristo kwa Wakristo. Rais Salva Kiir ni Mkatoliki, mpinzani wake Riek Machar ni Mpresibiteri, na sharia ya kulaumiwa haikuwapo tena. Walitia saini, wakavunja, wakatia saini tena Septemba 2018. Aprili 2019 Papa Francis aliwaita Vatican kwa siku mbili za mafungo, pamoja na mama Rebecca Nyandeng, mjane wa John Garang, aliyewaongoza wapiganaji wa kusini. Tarehe 11, mzee huyo wa miaka 82, mwenye magoti mabovu, alipiga magoti na kuwabusu viatu mmoja baada ya mwingine. Februari 2023 alikwenda Juba mwenyewe, akiwa na Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Scotland.

Wachambuzi wengi waliliona busu lile kuwa kilele cha diplomasia ya imani. Mimi niliona pengo. Begin alipewa picha za wajukuu, na pembeni ya picha kulikuwa na ramani, ratiba ya kuondoa majeshi na Marekani ya kulipa gharama. Kiir na Machar walibusiwa viatu, na pembeni hapakuwa na jeshi moja la taifa, wala mtu wa kuhesabu fedha za mafuta, wala gharama yoyote kwa atakayevunja. Papa alitoa kila alichokuwa nacho. Waliotakiwa kutoa hayo mengine, yaani serikali za eneo hili zenye mipaka na Juba, benki zinazotunza fedha za wakubwa wake na nyumba zao zilizojengwa Nairobi na Kampala, hawakutoa.

Mei 2024 Kenya ilijaribu tena kwa mazungumzo yaliyopewa jina la Kiswahili, Tumaini, na Sumbeiywo akaitwa kusuluhisha kwa mara nyingine. Hayakufika popote. Uchaguzi uliopangwa Desemba mwaka huo ukasogezwa mbele hadi Desemba 2026. Tarehe 26 Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake Juba. Papa Francis alifariki tarehe 21 Aprili, siku 26 baadaye.